Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli za 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha taarifa ya mwaka 2024 ya chama chetu, sisi wasemaji wa Kiswahili wa Maryland tunaoishabikia timu ya Navy, yaani timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Jeshi la Majini kilichopo Annapolis.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulifuturu pamoja, tulifanya pikiniki ya kiangazi, tulichangia misiba miwili, na tulihudhuria mechi za nyumbani Annapolis kila ilipowezekana. Timu yetu ilituheshimisha: ilishinda michezo 10, ikapoteza 3, ikaifunga Air Force, timu ya chuo cha jeshi la anga, 34–7, ikaifunga Oklahoma 21–20 tarehe 27 Desemba, na ikarudisha Annapolis kombe la Amiri Jeshi Mkuu, linaloshindaniwa na vyuo vitatu vya kijeshi, kwa mara ya kwanza tangu 2019. Hayo yanatosha, kwa sababu liko jambo moja ambalo limesemwa sana pembeni na sasa lisemwe hapa mbele ya wote.

Jambo hilo ni tarehe 14 Desemba. Mnajua kwamba kwa miaka mingi sherehe yetu ya Uhuru na Jamhuri hufanyika Jumamosi iliyo karibu na tarehe 9 na 12 Desemba. Mechi ya Navy na Army, timu ya chuo cha jeshi la nchi kavu kilichopo West Point, nayo huchezwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Safari hii mechi ilipangwa Landover, hapa hapa Maryland, mlangoni kwetu. Niliamua sherehe irudishwe nyuma hadi Desemba 7, na chama kitangulize fedha za tiketi na basi. Baadhi ya wanachama wamesema mwenyekiti ameuza uhuru wa nchi zetu kwa mpira wa jeshi la watu wengine. Maneno hayo yaliniumiza, na nayajibu.

Kwanza, utaratibu ulifuatwa. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuamua jambo lisiloweza kusubiri akishauriana na Katibu na Mweka Hazina. Nilishauriana nao wote wawili. Mkutano wa Julai ungeweza kulijadili suala hili, lakini akidi ni watu 25 na walikuja 19. Tiketi za mechi hii hazisubiri akidi. Malipo ya mwanzo yalipita kwenye kadi yangu mwenyewe, na sikudai hata senti ya riba.

Pili, wanaosema ni mpira tu hawajui ni mpira gani. Mechi ya kwanza ilichezwa West Point tarehe 29 Novemba 1890. Annapolis walikuwa wameshaanza kuucheza mchezo huu, West Point hawakuwa na timu. Kadeti mmoja, Dennis Michie, ndiye aliyewakusanya wenzake wakajifunza kwa haraka, na Navy ikawafunga 24–0. Miaka minane baadaye Michie aliuawa vitani Cuba, na uwanja wa West Point hadi leo unaitwa kwa jina lake. Hivyo ndivyo mechi hii ilivyo tangu mwanzo. Anayehitimu Annapolis anadaiwa utumishi wa miaka isiyopungua 5. Wachezaji hawa hawafukuzii mkataba wa mamilioni. Wanavua jezi, wanavaa sare, wanapanda meli.

Na hao wanaosema tarehe haisogezwi, nawaomba waitazame 1963. Rais Kennedy, aliyekuwa mwanamaji, aliuawa tarehe 22 Novemba. Mechi ilikuwa ichezwe tarehe 30, ikafikiriwa kufutwa kabisa, lakini familia yake ikataka ichezwe. Ikasogezwa hadi Desemba 7. Navy, ikiongozwa na Roger Staubach, ilishinda 21–15 huku Army wakiwa yadi 2 tu kutoka mstari wa goli dakika zikiwaishia. Siku hiyo hiyo watazamaji wa televisheni walirudishiwa tukio papo hapo kwa mara ya kwanza. Sasa hesabuni: siku tatu baada ya mechi ile Zanzibar ilipata uhuru, na siku tano baadaye Kenya ikapandisha bendera yake. Sherehe yetu ya 2024 ilifanyika Desemba 7, tarehe ile ile. Sioni uhuru wa nani uliouzwa.

Tatu, hesabu. Tiketi 20 na basi viligharimu dola 2,900. Waliosafiri wamerudisha 2,100, na 800 zilizobaki zimebebwa na mfuko kwa ajili ya vijana wetu ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Nasimamia uamuzi huo. Risiti zote anazo Mweka Hazina.

Waliokuwapo Landover wataniunga mkono. Tulikula mishkaki na maandazi kwenye maegesho, chai ya tangawizi ikatoka kwenye chupa, baridi ikiuma. Kisha tukaingia tukaona makadeti wa vyuo vyote viwili wakiingia uwanjani kwa gwaride, kikosi baada ya kikosi. Wale waliosoma muhula mmoja kwenye chuo cha mahasimu wakarudishwa kwa wenzao katikati ya uwanja, kama kubadilishana mateka. Army walikuja wakiwa wameshinda 11 na kupoteza 1. Kwotabeki wetu, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Blake Horvath, alikimbia na mpira yadi 204, na Landon Robinson, mtu mzito wa safu ya ulinzi, alikabidhiwa mpira pale Army waliposubiri upigwe kwa mguu, akatimua yadi 29. Tulishinda 31–13. Tangu 1890 hadi mechi hiyo ya 2024 ni mechi 125: Navy 63, Army 55, sare 7.

Lakini nililotaka vijana walione lilikuja baada ya kipenga cha mwisho. Timu zote mbili zilikwenda kwanza kwa makadeti wa Army, waliofungwa, zikasimama zikiwatazama huku wimbo wa chuo chao ukiimbwa. Washindi nao walisimama wima, kimya, wengine wakiwa wamewashika mabega wapinzani waliotoka kugongana nao saa tatu nzima. Kisha wote wakavuka uwanja hadi upande wetu, na Navy ikaimba ya pili. Kijana wa miaka kumi na miwili niliyekaa naye aliuliza kwa nini hawawazomei walioshindwa. Nilimweleza kwamba kesho na keshokutwa hawa watakuwa chombo kimoja, vita vimoja. Katika sherehe zetu za ukumbini sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtoto, na nasema hivi nikizipenda sherehe zetu.

Na tukija kwenye sherehe yenyewe: Desemba 7 walihudhuria watu 38. Pilau ilipikwa ya watu 100. Waliolalamika kwa nguvu zaidi kwamba tarehe imebadilishwa hawakuonekana tarehe hiyo, wala ile nyingine Landover. Kamati ilikesha jikoni. Inakatisha tamaa.

Ada ni jambo la aibu. Kwenye daftari tuna wanachama 74 na ada ni dola 60 kwa mwaka. Waliolipa ni 29, jumla dola 1,740. Tunadai dola 2,700. Ndugu zangu, nani atakuja kutubebea msiba tukiendelea hivi? Nawashukuru sana wale 29, na kina mama wa kamati ya chakula, ambao bila wao chama hiki kingeshafungwa.

Mwaka huu wa 2025 mechi ya Army na Navy itachezwa Baltimore tarehe 13 Desemba, siku moja baada ya Jamhuri. Tunatarajia, Mungu akipenda, kuunganisha mambo hayo mawili kwa namna itakayowaridhisha wote. Tunafikiria pia kuwapeleka watoto Annapolis wakamwone mbuzi Bill, anayeiwakilisha timu, na ile sanamu ya chuoni iitwayo Tecumseh ambayo makadeti huipaka rangi za vita wiki ya Army, na pengine kuanzisha darasa dogo la historia. Nimeshaandaa maelezo ya kuanzia. Mipango kamili itatangazwa mambo yakikaa sawa.

Naomba taarifa hii ipokelewe na ijadiliwe. Anayetaka kuona risiti azione leo, na Mweka Hazina atakaa mezani karibu na mlango hadi mwisho wa mkutano kupokea ada za 2024 na 2025.

Mwenyekiti