Mikono ya Bibi yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila kuna jambo la Bibi yako nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Juzi nilimpeleka kwa daktari. Kila ulipoulizia kusahau kwake nilikuwa nikikujibu, "Bibi yako mzima, mbona anasuka ukili bila hata kuutazama." Na kweli anasuka. Chane za ukindu zinapishana vidoleni mwake kama zamani, hakosei hata moja. Hicho ndicho kilichonidanganya.

Daktari hakushughulika na ukili. Alikaa mbele yake, akagonga meza kwa ngumi, kisha kwa ubavu wa mkono, kisha kwa kiganja. Akarudia mara tatu, taratibu. "Haya Bibi, na wewe." Walipofanya pamoja aliweza. Alipoachwa peke yake akagonga ngumi, kiganja, ngumi, kiganja, halafu akaushika ule mkono kwa mwenzake na kunitazama. Mwanangu, macho yale sijapata kuyaona kwake.

Kipimo hicho ni cha zamani. Kinatokana na kazi ya Alexander Luria, mtaalamu wa ubongo wa Kisovieti aliyewahudumia askari waliojeruhiwa kichwani katika Vita vya Pili vya Dunia. Nilivyoelezwa, kazi ambayo mkono umeirudia miaka na miaka imezama ndani ya ubongo, na maradhi ya kusahau huchelewa kuifikia. Jambo geni ndilo linaloitaka sehemu ya mbele ya ubongo ishike mpangilio, isiruke hatua. Kwa hiyo mtu atasuka, atakuna nazi, atajifunga kanga yake vizuri, na huku mambo yameshaanza kuharibika.

Nikakumbuka ile simu uliyomletea mwaka jana. Kila siku tulimwonyesha namna ya kuifungua, na kila siku ikawa kama mara ya kwanza. Mimi nikasema wazee na simu wapi na wapi. Inaniuma mpaka leo.

Bado hatujaambiwa ana nini. Kipimo kimoja cha mkono hakitoshi: viungo vikiuma mtu atakosea, asiposikia vizuri atakosea, hata huzuni au dawa anazomeza zinaweza kumchanganya. Amechukuliwa damu kuangaliwa vitamini B12 na tezi ya shingo, maana kusahau kunakotokana na hayo kunatibika. Majirani wanasema ni uzee tu. Usilikubali neno hilo, Zuhura. Wazee wangapi wana miaka mingi kumpita na akili zao timamu?

Ukija sikukuu kaa naye, msuke ukili pamoja, anafurahi sana akipata mwenzake. Na mimi nifundishe ule mtindo wako wa kufunga mtandio. Niangalie mikono kwa makini, na utakachokiona usinifiche.

Mama yako