Nyeusi ya masizi au nyeusi ya biringanya?

Mteja anayekuja kwetu kupiga rangi gari zima, mara nyingi anataka nyeusi ti. Hataki kijivu kizito wala bluu ya usiku. Anataka nyeusi inayong'aa mpaka ajione meno. Tunaipiga, na tunaipenda. Ila siku hizi, kabla ya kufungua kopo, tunamuuliza: unataka ya masizi au ya biringanya?

Wengi hucheka kwanza. Swali limetokana na macho ya magari yenyewe. Magari madogo mengi ya Japani ya kuanzia 2013 hivi, kina Honda Fit, Mazda Demio, Vitz na Fielder, yapo yenye kidude juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, kinachorusha mwanga wa leza. Mwanga ukigonga kilichopo mbele na kurudi, gari linapima umbali; ukizubaa, linafunga breki lenyewe. Kwenye Fit mfumo huo hufanya kazi mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, yaani mwendo wetu hasa wa foleni. Huko Marekani magari mengi yanayojiendesha bila dereva nayo hutegemea leza, tena kubwa zaidi.

Leza nyingi za aina hii hutumia mwanga wa nanomita 905 hivi. Jicho la binadamu linaishia mia saba na kitu. Kwa hiyo rangi unayoiona wewe siyo inayoonwa na leza. Nyeusi ya kawaida hutiwa weusi na kaboni, ambayo ni masizi ya kiwandani, ndugu wa yale ya chini ya sufuria na ndiyo hayohayo yanayoyapa matairi weusi wake. Masizi hayachagui: yanameza mwanga unaoonekana na usioonekana, yanarudisha asilimia chache tu. Na bodi ikiwa imepigwa polishi, hicho kidogo kinachorudi huruka pembeni kama kwenye kioo, isipokuwa mwanga umeigonga wima.

Tusitishane, lakini. Nyuma ya gari kuna namba na viakisi vyekundu vya taa, na hivyo huirudishia leza mwanga vizuri hata bodi iwe nyeusi namna gani. Shida ni gari lililokatiza mbele yako likaonyesha ubavu, au lile ambalo viakisi vimevunjika na namba imejaa tope. Wanaobandika filamu nyeusi juu ya taa za nyuma, hao wanajitafutia balaa.

Sasa biringanya. Wataalamu wa PPG, kampuni ya rangi ya Marekani, ndio waliolitolea mfano: ganda lake jeusi huuachia mwanga wa infraredi, yaani ule usioonekana kama wa leza, upite, na nyama nyeupe ya ndani huurudisha nje. Rangi inaweza kufanya vivyo hivyo. Unapiga praima, yaani rangi ya chini, nyeupe pe, juu yake nyeusi isiyo na kaboni, kwa mfano ile inayotiwa weusi na kemikali ya perileni, kisha klia, ile ya juu isiyo na rangi. Kwa macho ni gari jeusi. Kwa leza, mwanga unapenya nyeusi, unagonga nyeupe, unarudi.

Hapa gereji tuna vipande viwili vya bati, kimoja cha nyeusi ya kaboni na kingine cha nyeusi ya biringanya, na mchana hakuna mteja anayeweza kuvitofautisha haraka. Usiku tunaviweka chini ya kamera ya ulinzi, ambayo taa zake ni za infraredi, jirani kabisa na mwanga wa leza. Cha kaboni kinabaki shimo jeusi kwenye skrini. Cha pili kinageuka rangi ya majivu. Biringanya nalo linapauka kama limemenywa. Ni kamera hiyohiyo inayofanya koti jeusi la mlinzi wetu lionekane jeupe, na kwa miezi tulidhani kamera ni mbovu.

Wapo mafundi wanaopiga praima nyeupe kisha nyeusi ya kawaida juu, wakaamini wamemaliza. Hiyo ni kazi bure, kwa sababu kaboni imeshaumeza mwanga kabla haujafika kwenye nyeupe. Hata kaboni kidogo ya kukoleza inaharibu. Sisi wenyewe tulirudia mlango mzima kwa sababu kikombe cha kuchanganyia hakikuoshwa sawasawa na thina.

Nyeusi ya biringanya ina kasoro zake. Ni ghali kuliko nyeusi ya kawaida, na juani ina ukijani wa mbali ambao mpenda nyeusi ti atauona. Haifai kupigwa mlango mmoja kwenye gari ambalo bodi iliyobaki imepigwa nyeusi ya kaboni, maana jicho litakamata tofauti. Ndiyo maana tunaikubali kwa gari zima tu, na karatasi ya mchanganyiko tunaibandika ndani ya boneti ili fundi atakayeziba mkwaruzo kesho asije na kopo lolote.

Kama gari lako lina rada nyuma ya bampa au nembo ya mbele, hilo ni jambo jingine. Rada hutumia mawimbi ya redio, si mwanga, kwa hiyo haijali weusi. Inasumbuliwa na chembe za alumini za rangi ya metaliki na puti nene. Tuambie kabla hatujaanza kupiga msasa.

Ukitaka kuviona vile vipande viwili, pitia jioni giza likishaingia. Mchana kamera haiwashi taa zake.