Tusilaumu mtandao, vyuo vifundishe muamala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi wamekutana nalo dirishani bila kuelezwa chanzo chake. Mtu anahamisha fedha, salio lake linapungua, lakini kule zilikopelekwa hazionekani. Akiuliza, anajibiwa kwamba mtandao unasumbua, arudi kesho. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza mifumo ya kompyuta ya vyama vya akiba na mikopo, na sasa nalazimika kusema wazi kwamba jibu hilo mara nyingi si la kweli. Mtandao hukatika, umeme nao hukatika, na vitaendelea kukatika. Fedha kupotelea katikati ya hatua mbili ndani ya mfumo mmoja ni kosa la aliyeandika programu, na nyuma ya kosa hilo kuna pengo katika mafunzo aliyopewa.

Nieleze kisa kimoja. Katika chama ambacho sitakitaja, mama mmoja anayeuza samaki wakavu sokoni aliomba shilingi 400,000 zitolewe kwenye akiba yake zikapunguze mkopo. Karani alibonyeza kitufe, umeme ukakatika, na jenereta ilipowaka akakuta akiba imepungua ilhali mkopo uko vilevile. Mama huyo alikuwa na kitabu chake cha mwanachama mkononi, kimeandikwa kwa kalamu na kugongwa muhuri, na ndicho kilichomwokoa, kwa sababu kompyuta haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha zile fedha zilikoelekea. Ilichukua siku tisa kumrudishia haki yake, na siku zote hizo riba ya mkopo iliendelea kuhesabiwa.

Nilipofungua programu nilikuta amri mbili zimeandikwa moja baada ya nyingine. Kwa namba za siku ile, ya kwanza ilisomeka hivi: UPDATE akiba SET salio = salio - 400000 WHERE mwanachama = 217, yaani punguza 400,000 kwenye salio la akiba la mwanachama namba 217. Ya pili ilifanana nayo, ila ilipunguza deni kwenye jedwali la mikopo. Kila amri peke yake ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni neno moja juu na neno moja chini, yaani BEGIN kabla ya amri ya kwanza na COMMIT baada ya amri ya pili.

Maneno hayo mawili ndiyo yanayoufunga muamala, yaani kundi la amri zinazofanyika zote kwa pamoja au zisifanyike kabisa. BEGIN huiambia hifadhidata, au databesi kama tunavyoiita kazini, yaani programu inayotunza taarifa zote za mfumo, kwamba yanayofuata ni kazi moja isiyogawanyika; COMMIT huiambia kwamba kazi imekamilika na sasa ihesabike kuwa imefanyika. Umeme ukikatika kabla ya COMMIT, hifadhidata inapowaka tena husoma daftari lake la mabadiliko, huona kwamba muamala ule haukufika mwisho, na huufuta kana kwamba haukuanza. Programu yenyewe ikigundua kasoro njiani, kwa mfano salio halitoshi, huandika ROLLBACK na kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Asipoandika mtu BEGIN na COMMIT, MySQL na PostgreSQL, ambazo ndizo hifadhidata nazikuta mara kwa mara, huichukulia kila amri kuwa muamala kamili unaojitegemea. Kwa hiyo siku ile hifadhidata haikukosea. Iliambiwa mambo mawili yasiyohusiana, ikawahi kufanya moja.

Naongeza jambo lililonisumbua zaidi katika kisa hicho, kwa kuwa huenda liko kwenye mifumo mingine mizee. Baada ya kuweka BEGIN na COMMIT nilifanya jaribio, na matokeo yakawa yaleyale. Jedwali la akiba lilikuwa limeundwa kwa aina ya zamani ya uhifadhi ndani ya MySQL iitwayo MyISAM, ambayo hupokea maneno hayo bila kugoma lakini haiyatekelezi. Aina ya InnoDB, inayoheshimu muamala, ndiyo imekuwa chaguo la kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010; majedwali yaliyoundwa kabla ya hapo hubaki yalivyo mpaka mtu ayabadilishe kwa mkono.

Elimu hii si ngeni duniani. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM huko California, alipendekeza mwaka 1970 kwamba taarifa zipangwe katika majedwali, na mtumiaji aseme anachotaka bila kulazimika kueleza njia ya kukifikia. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyohiyo wakatoa lugha ya kuandikia amri kama zile nilizozikuta, ambayo baadaye ilikuja kuitwa SQL, na mwaka 1986 ikawa kiwango rasmi nchini Marekani. Kuhusu muamala, aliyeufanyia kazi kubwa ni Jim Gray, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani ya kompyuta, ya mwaka 1998. Hata zile sifa nne ambazo wanafunzi hukaririshwa, kwamba muamala ufanyike wote au usifanyike kabisa, usivunje kanuni za hesabu, usiingiliwe na mwingine, na ukishakamilika udumu, zilipewa jina la pamoja mwaka 1983.

Ndiyo maana nasikitika ninapopokea vijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuoni. Ni vijana wazuri na wengi wao wanajua kuiuliza hifadhidata maswali. Ukimwambia mmoja atafute wanachama wenye mkopo ambao hawajaleta rejesho lolote, ataunganisha jedwali la mikopo na la marejesho kwa LEFT JOIN, kisha atabakisha wale ambao upande wa pili hauna kitu. Baadhi, wakitafuta palipo patupu (NULL), huandika = NULL mahali pa IS NULL wakashangaa kupata orodha tupu, lakini hilo hurekebishwa kwa dakika tano. Sifa nne za muamala pia watakutajia kwa mpangilio. Mwambie sasa aandike ROLLBACK, na unagundua kwamba hajawahi kuiandika hata mara moja.

Matokeo yake huonekana siku za mwanzo kazini. Kijana mmoja alitumwa kubadilisha namba ya simu ya mwanachama mmoja. Akasahau WHERE, sehemu ya amri inayotaja mwanachama anayehusika, na wanachama wote wakawa na simu ile. Angeanza na BEGIN, skrini ingemwonyesha kwamba mistari iliyoguswa ni zaidi ya elfu moja badala ya mmoja, naye angeandika ROLLBACK bila mtu kuathirika.

Ombi langu kwa wakufunzi ni kwamba somo hili lifanyiwe mazoezi kwenye kompyuta mbili zilizo jirani. Akaunti moja iwe na shilingi 1,000,000. Mwanafunzi wa kwanza asome salio kwa nia ya kutoa 300,000, na wa pili asome salio hilohilo kwa nia ya kuweka 200,000. Wa kwanza aandike 700,000, wa pili aandike 1,200,000. Salio la haki ni 900,000, lakini ile 300,000 iliyotolewa imefutika kwenye kumbukumbu na chama kimepata hasara pasipo mwizi. Kisha warudie, kila mmoja akianza na BEGIN na kusoma kwa SELECT, amri ya kusoma, yenye FOR UPDATE mwishoni, maneno yanayolifunga salio kwa mwingine anayetaka kulisoma kwa njia hiyohiyo. Skrini ya wa pili itasimama, isimjibu chochote, hadi mwenzake aandike COMMIT. Ndipo itakapomwonyesha 700,000. Nimewafanyisha vijana zoezi hili mara nyingi na sijaona aliyelisahau.

Nakiri kwamba fedha zikitoka simu ya mkononi kwenda benki, zinapita katika hifadhidata za taasisi mbili, na COMMIT ya upande mmoja haitoshi. Hapo panahitajika kumbukumbu ya kila hatua na usuluhishi wa hesabu wa kila siku. Hata hivyo, malalamiko niliyoyashughulikia mimi kwenye vyama vyetu mengi yalikuwa ndani ya seva moja, chini ya meza ya mhasibu.

Kwa viongozi wa vyama wanaojiandaa kununua mfumo, nashauri wasitosheke na kuonyeshwa ripoti zenye rangi. Mwuzaji aombwe aisimamishe programu yake katikati ya kuhamisha fedha za majaribio, baada ya amri ya kwanza na kabla ya ya pili. Mjumbe wa bodi achomoe waya wa umeme wa seva kwa mkono wake. Kompyuta ikishawaka, mhasibu asome salio la akiba na la mkopo kwa sauti mbele ya wote, na masalio hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla mtu yeyote hajatia saini ya mkataba.

Msomaji wako,
Morogoro