Capri waachie wenyewe, njoo Puglia

Bari, Septemba

Shoga yangu Mwanakombo,

Salama lakini? Mie mzima alhamdulillah, kazi tu ndo zinanimaliza. Nimesoma hiyo meseji yako ndefu na hiyo mipango ya Italia, Capri, Positano, sijui Amalfi, nikacheka peke yangu manake huko kila mtu anaenda apige picha za Insta halafu arudi nyumbani na deni. Njoo huku kwangu Puglia, kwenye kisigino cha Italia, na sisemi hivyo kwa sababu nataka uniletee vitu (ingawa utaleta, nimekuandikia hapo chini).

Kwanza ujue hii ni nchi ya mawe isiyo na maji. Yaani mvua inanyesha lakini sehemu kubwa ya ardhi ni mawe ya chokaa, maji yanazama moja kwa moja chini, mito ya maana karibu hakuna. Huko chini maji yamechimba mapango hatari, kuna ya Castellana jamaa mmoja Franco Anelli aliteremka kwenye shimo mwaka 1938 akakuta ukumbi juu ya ukumbi, leo unashuka kwa ngazi kama mita 70 hivi na huko baridi, beba sweta. Juu sasa ndo watu walikuwa wanahangaika. Ukienda Alberobello utaona zile nyumba za mawe zenye paa la pia, trulli, ziko zaidi ya 1,500, kila mtu anapiga picha paa, wachache wanauliza chini kuna nini. Chini kuna birika la kuhifadhia maji! Paa lilikuwa linakusanya mvua ikishuka mpaka kwenye birika, familia ikinywa hayo. Na mawe yamepangwa bila chokaa yoyote ya kuyaunganisha, inasemekana tajiri aliyemiliki eneo aliwakataza wakulima kutumia chokaa ili wakaguzi wa mfalme wakija nyumba zibomolewe fasta asilipe kodi, mpaka mwaka 1797 mfalme mwenyewe akawatoa chini ya huyo bwana. Maji ya bomba Bari imeyaona 1915, fikiria, tena yalitolewa mkoa mwingine kabisa, Campania, yakapitishwa chini ya milima.

Sasa Bari yenyewe. Watu wanashuka airport wanapitiliza Polignano kuogelea, makosa makubwa. Mji mkongwe wa Bari vichochoro vyake ungeingia ungejiona uko nyumbani, kina mama wanakaa milangoni wanafinyanga orecchiette, ile pasta ndogo ya kama sikio, wanaianika juu ya wavu wakipiga soga na jirani wa ng'ambo. Halafu nenda asubuhi pale bandari ndogo wavuvi wakirudi. Pweza! Wanampigiza kwenye mawe wee, kisha wanamzungusha zungusha kwenye beseni mpaka mikia inajikunja, na wanamla mbichi shoga, mbichi kabisa, na limau wengine hata hawaweki. Mie nimekataa. Pweza ni wa supu, basi.

Na kitu ambacho hawakitangazi sana, Bari ilikuwa na amiri Mwislamu, tangu 847 mpaka 871, mji mzima chini ya waarabu na waberberi, mpaka mfalme Louis wa Pili akauteka. Nimetafuta alama yoyote ya hao watu nimechoka, kila kona ni San Nicola tu, mtakatifu wao, yule ambaye mabaharia wa Bari walienda kuibia mifupa yake Myra, Uturuki ya leo, mwaka 1087. Wameiba wakajenga kanisa kubwa juu yake na mpaka leo wanasherehekea kila Mei kwa maandamano na maboti, hawaoni haya hata kidogo, na mie nawapenda kwa hilo.

Ila pale ninapotaka nikupeleke wewe hasa ni Torre Guaceto, karibu na Brindisi, manake wewe na kikundi chenu cha wavuvi huko Kilifi mnapigania hayohayo kila siku. Ni eneo la bahari lililotengwa. Mwanzoni wa miaka ya 2000 walifunga kabisa uvuvi kama miaka mitano, wavuvi wakanung'unika si unajua, halafu wakakaa chini wakakubaliana: kila mvuvi anaingia siku moja tu kwa wiki, kwa nyavu za matundu makubwa. Na samaki wanaopata siku hiyo moja ni wengi kuliko walio nje ya mpaka, kwa hiyo sasa wavuvi wenyewe ndo walinzi. Yale yale ya tengefu, yaani sehemu ya bahari inayotengwa isivuliwe. Ningetaka ukae na hao wazee uwaulize walivyowashawishi wale wabishi, mie Kitaliano changu kitatafsiri.

Habari ya mizeituni itakuumiza. Kuanzia Lecce kushuka chini utaona mashamba na mashamba ya miti imesimama mikavu, ya kijivu, mingine ina mamia ya miaka. Ni bakteria, Xylella, ilitambuliwa 2013 upande wa Gallipoli, wataalamu wengi wanaamini iliingia na miche ya kahawa ya mapambo kutoka Amerika ya Kati, na kinachoisambaza ni kidudu kinachofyonza utomvu. Imeua mamilioni ya miti. Serikali ilipoagiza ikatwe watu wakaandamana, wengine wakasema ni njama, mambo yakafika mahakamani, na muda wote huo kidudu kinaruka tu kwenda kaskazini. Sasa wanapanda aina zinazostahimili, Leccino na Favolosa. Ile mizee ya Ostuni na Fasano bado ipo, mikubwa imejisokota, ndo maana nakwambia njoo mapema.

Kaskazini kuna Gargano, rasi ya milima, msitu wa Foresta Umbra una kivuli mpaka mchana unasahau uko Puglia, ukitoka unaangukia bahari. Njiani utapita tambarare ya Foggia, nyanya mpaka jicho linachoka, na wanaovuna wengi ni vijana wa Kiafrika, Mali, Gambia, Ghana, wanalala vibanda vya mabati na wanalipwa kidogo mno kupitia madalali. Sikufichi hilo, usije ukarudi unasema Puglia ni pepo.

Usije Agosti, Waitaliano wote wako ufukweni. Mei au mwisho wa Septemba. Treni ya Bari kwenda Lecce iko sawa, ila vijijini bila gari utaota mizizi stendi, kwa hiyo tengeneza leseni ya kimataifa manake mie siendeshi. Kula hutapata tabu, ni samaki, mboga, maharage ya fava na chikori, ila kwenye mchuzi uliza kwanza kama kuna nguruwe.

Visa anza mapema. Na unibebee ukwaju, bizari ya pilau, leso mbili za maneno makali na achari, ifunge vizuri. Embe mbichi usithubutu, watakunyang'anya airport.

Msalimie mamako.

Wako,
Zuhura