Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: baada ya opereshoni homoni si urembo

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mwanamke trans, yaani nilizaliwa nikaandikwa mwanaume lakini naishi kama mwanamke, nina miaka 41, na 2019 nilienda Bangkok nikafanyiwa opereshoni ya kubadilisha sehemu za siri niliyoiwekea akiba karibu miaka tisa. Opereshoni yenyewe ilienda vizuri, nashukuru Mungu. Ninachokuandikia ni yale yaliyofuata baada ya kurudi nyumbani, kwa sababu huku sijapata mtu kwenye hospitali zetu anayejua kwamba kuna kinachofuata.

Watu wengi, hata madaktari, wanadhani ukishapasuliwa umemaliza, kwamba homoni ni za kuotesha matiti na kulainisha ngozi basi. Sivyo kabisa. Korodani zikitolewa mwili hauna tena pa kutengeneza homoni za kutosha, si za kiume si za kike, na mwili wa mtu mzima ukikaa hivyo miaka unaumia, mifupa inaanza kuwa hafifu polepole bila wewe kusikia chochote mpaka siku umeanguka ukavunjika. Kabla nipasuliwe nilikuwa nameza dawa mbili, estrojeni, yaani homoni ya kike, na ile ya kuzuia testosteroni, homoni ya kiume. Ya kuzuia niliacha, maana hakuna cha kuzuia tena. Estrojeni ndiyo imebaki na hiyo mimi naihitaji vile mgonjwa wa sukari anavyohitaji insulini.

Na niliwahi kukaa bila. 2021 kemisti niliyokuwa nanunua iliishiwa, nikazunguka mji mzima, wengine wananiambia haiji tena, wengine wananiuliza ni ya nani, mwisho nikachoka na pesa zikaisha, nikakaa miezi saba. Fukuto likaanza, naamka usiku shuka imelowa jasho, mchana sina nguvu, nalia bila kujua nalia nini, na mimi ni fundi wa nguo, nilikuwa siwezi kukaa kwenye cherehani hata saa mbili. Hospitali ya kwanza daktari akaniambia nivumilie tu, si nishapata nilichotaka. Ya pili ndiyo iliniuma zaidi. Walinipima damu, na kwa sababu kitambulisho changu bado kinasema mwanaume, majibu yakalinganishwa na viwango vya wanaume, ikaandikwa testosteroni iko chini sana, na daktari akataka kunidunga testosteroni! Nilimweleza mara tatu. Nikatoka pale nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, sikutaka mtu kwenye matatu anione uso.

Yule daktari hakuwa mtu mbaya, hakufundishwa tu, na kufundisha ni kazi ya wizara yako. Miongozo ipo. Ule wa Endocrine Society, chama cha madaktari wa homoni, wa 2017 umeeleza wazi, vidonge vya estradioli (ndiyo hiyo estrojeni ninayomeza) miligramu 2 hadi 6 kwa siku, au plasta za kubandika, au sindano, damu ipimwe kila miezi mitatu mwaka wa kwanza halafu mara moja au mbili kwa mwaka, testosteroni kwenye damu iwe chini ya ng/dL 50 kama ya wanawake wengine, na aliyetolewa korodani halafu akaacha homoni apimwe mifupa. WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu trans, nao walitoa toleo la 8 la mwongozo wao 2022. Daktari wa kaunti akipewa kurasa chache za hayo kwa lugha rahisi, hatakosea kama alivyokosea kwangu.

Kinachonitia hofu zaidi ni wadogo zangu, wasichana trans wanaonifuata. Wakikosa estradioli wanameza dawa za kupanga uzazi, mbili, tatu, nne kwa siku, kwa sababu hizo zinapatikana kila duka. Nyingi zina ethinyl estradioli, aina nyingine ya estrojeni, na miongozo inakataza hiyo kwetu kwa sababu inagandisha damu kwenye mishipa, sasa fikiria msichana anayevuta sigara anameza hizo miaka mitano bila kupimwa hata presha. Na sisi tunaozeeka pia tuna letu, umri ukienda plasta ni salama kuliko vidonge kwa upande wa damu kuganda, lakini plasta naagiza kwa mtu anayesafiri. Tena tezi dume haitolewi kwenye opereshoni hii, bado ninayo, na hakuna kliniki iliyowahi kuniuliza.

Mama yangu mdogo alitolewa kizazi na ovari zote akiwa na miaka 38. Akaandikiwa estrojeni, akaelezwa mambo ya mifupa, na hakuna aliyemuuliza anaitakia nini. Dawa ni ileile Mheshimiwa, na sababu ni ileile. Katiba kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, imesema kila mtu.

Kwa hiyo naomba estradioli ipatikane angalau hospitali moja ya umma katika kila kaunti, kwa mama yangu mdogo na kwangu pia, maabara zisome majibu yetu kwa viwango vya mwili unaotumia estrojeni hata kama kitambulisho kinasema vingine, na SHA, bima ya afya ya serikali, ilipie vile vipimo vya damu na mifupa. Saa hii nina vidonge vya wiki tano, na kemisti wameniambia hawajui mzigo unafika lini.

Mwananchi wako,
fundi wa nguo, Mombasa