Usipande Mlima Masika

Mkomani, Lamu

Kwako Omari,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, kaskazi yavuma vizuri, na mama anakusalimu na kuuliza sinia lake litarudi lini. Ujumbe wako nimeupata. Ati likizo ya Aprili wewe na walimu wenzako wa hapo Malindi mnapanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, na wataka nikueleze njia ilivyo kwa kuwa mimi nimefika kileleni.

Yakhe, sikufika. Siku ile ya Maulidi pale barazani nilisema nimefika, nawe ulikuwapo, na mbele ya wale wazee ulimi uliteleza kisha nikaona haya kuurudisha. Niligeuka njiani. Sasa nikikuacha uende kwa kuutegemea uongo wangu, likakupata la kukupata, nitamtazama mama'ko kwa jicho gani?

Kwanza mwezi wenyewe. Mlima ule uko ikweta, hauna msimu wa baridi kama wa Ulaya. Baridi yake huja kila usiku, mwaka mzima. Kinacholeta theluji ni mvua. Masika inayokulowesha wewe Malindi, huko juu inaanguka theluji, Machi mpaka Mei, na vuli vivyo hivyo, Oktoba mpaka Desemba. Kukavu ni Januari na Februari, kisha tena katikati ya mwaka, Julai mpaka Septemba. Mimi nilienda Novemba kwa sababu ndiyo likizo niliyopewa. Wewe waenda Aprili kwa sababu hiyo hiyo. Mlima hauna habari na likizo zetu.

Tulipitia lango la Sirimon, mita 2,650. Usiku wa kwanza kambi ya Old Moses, mita 3,300, nikalala vizuri, nikajiona mpanda milima. Usiku wa pili kambi ya Shipton's, mita 4,200, sikulala. Kichwa kilikuwa kinagonga kama nyundo ya fundi wa jahazi, na chakula sikitaki hata kukinusa. Tende nilizobeba ziliibwa na pimbi. Wamezoea watu wale, hawana adabu. Kwa kipimo cha haraka, kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6. Piga hesabu: Lamu nyuzi 30 adhuhuri, Lenana ni mita 4,985. Hiyo ni adhuhuri, Omari, na sisi tulitoka saa tisa za usiku.

Hiyo saa tisa ndiyo nakuandikia hasa. Mimi nilidhani wanatuamsha ili tuone jua likichomoza, mambo ya kupiga picha. Kumbe ni kwa ajili ya theluji. Wajua pale ufukweni Shela, maji yakipwa, mchanga mbichi unakubeba, unatembea kama uko barabarani. Lakini ukipanda tuta la mchanga mkavu, hatua mbili mbele, moja inarudi nyuma? Theluji ni hivyo hivyo, ila badala ya maji kupwa na kujaa ni usiku na mchana. Usiku imeganda, inabeba mguu. Jua likishapanda inalegea, unazama mpaka gotini, na chini yake kuna kokoto zinazoteleza ambazo huzioni.

Sisi tulichelewa. Mwenzetu mmoja alitafuta glavu zake karibu saa nzima, nami nikakuta maji yangu yameganda chupani kwa sababu niliiacha nje ya mfuko wa kulalia. Tochi ya kichwa nayo ikafa njiani. Baridi inamaliza betri upesi, ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili. Kulipopambazuka tuko kwenye kiziwa cha Harris Tarn, kilele chaonekana pale pale, kama mnara wa msikiti ukiwa mtaani kwetu Langoni. Nikasema nusu saa tu. Lakini nilikuwa nikienda hatua kumi nasimama, hatua kumi nasimama. Hewa huko imebaki nusu na kidogo tu ya hii ya ufukweni. Kisha nikaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mimi sikujua, niliambiwa baadaye. Kiongozi wetu, mtu wa Nanyuki, alinitazama usoni, akanishika mkono, akasema, "Wewe tunashuka." Nilimbishia, wallahi nilimbishia. Hakunijibu, alinigeuza tu kama mtoto. Tulipofika Shipton's kichwa kilikuwa kimeanza kutulia, na nikaomba chai.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: miwani. Sisi tuliozaliwa juani tunadhani jua latujua. Lile jua likipiga juu ya theluji linakurudia kutoka chini, linachoma hata ndani ya pua. Nilivaa miwani ya kununua sokoni na jioni macho yalikuwa kama yametiwa mchanga. Nunua ya kweli. Na viatu visiwe vile vyako vya kuchezea mpira.

Unajua Krapf, yule mmisionari wa Rabai? Aliuona mlima huo mwaka 1849 kutoka Ukambani, akaandika kwamba una theluji, wasomi wa Ulaya wakambishia: theluji ikweta haiwezekani. Bibi yangu naye nilipomweleza alicheka vile vile, kisha akauliza kama huko tulikuwa tunaswali kwa viatu.

Basi, waambie wenzako muahirishe. Subirini kaskazi ijayo, Januari, nami nitakuja. Nina deni pale Harris Tarn. Tutalala usiku mmoja zaidi Old Moses, kichwa kizoee. Wakikataa kuahirisha, japo mwafikiane tangu chini kwamba atakayeanza kuropoka anashushwa, hata awe mwalimu mkuu. Jaketi langu lipo, limetundikwa nyuma ya mlango, nitampa nahodha yeyote anayekuja huko.

Ya barazani niachie mwenyewe, nitawaambia wazee Ijumaa.

Ni mimi nduguyo,
Athman