Gego la utoto likitoka mapema, nafasi yake inaliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba niongee na wazazi wenzangu, hasa wenye watoto wa darasa la kwanza na la pili. Binti yangu akiwa na miaka 6 gego lake la utoto lilitoboka, likang'olewa tukarudi nyumbani, wala hakuna aliyetuambia kwamba lile jino lilikuwa linamshikia nafasi mwenzake aliye chini. Mi nikasema si la utoto tu, litaota lingine. Kumbe lile gego kubwa linaloota nyuma kabisa kwenye miaka 6, ambalo wengi tunadhani nalo ni la utoto, likipata mwanya linasogea mbele taratibu mpaka nafasi inaisha. Sasa ana miaka 11, chonge imekosa pa kupita imetokea juu kwenye fizi, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, inaniuma sana jamani.

Mdogo wake ana 7, huyu tumemuwahi. Meno ya mbele ya chini yamepandana, moja limekaa ubavu. Daktari akapiga eksirei kwanza aone yaliyo ndani ni mangapi na yanaelekea wapi. Akatueleza kwamba yakibanana sana hivi wakati mwingine wanang'oa chonge za utoto ili ya mbele yajinyooshe, na baadaye pengine hata magego madogo ya ukubwani kupisha chonge za ukubwani zishuke, lakini hiyo ni kazi ya miaka inayotaka kufuatiliwa, maana uking'oa bila mpango meno ya chini yanalala kuelekea kwenye ulimi, na waya mara nyingi bado atavaa. Kwa mwanangu wameanza kwa kuziba magego ya utoto yasing'olewe. Gego la pili la utoto ni pana kuliko jino linalokuja kurithi pale, huo mwanya ukitunzwa kwa kawaya kadogo unasaidia.

Watoto tunawapeleka kliniki na kadi mpaka miaka 5, baada ya hapo nani anawaangalia mdomoni? Hakuna, mpaka jino liume. Naomba halmashauri zipange daktari wa meno apite darasa la pili kila mwaka, hata na tochi tu, na yeyote anayeng'oa gego la utoto amwambie mzazi palepale, kabla ya ganzi, nafasi yake itashikwa na nini.

Mama wa watoto wawili,
Morogoro